Kuvua Udongo Litembo

Wewe unayenisikiliza, nianze na swali. Umewahi kuona mlima uliochimbwa mashimo kwa makusudi, kuanzia nyuma ya jiko mpaka kijitoni, na katikati ya mashimo hayo mahindi yamesimama mabichi kabisa? Kama hujawahi, kaa vizuri nikueleze polepole. Usijilaumu ukishindwa kuelewa mara moja. Mimi nilipouona mara ya kwanza nilidhani watu wa huku wanatafuta dhahabu.

Mimi ni mtu wa ziwani. Nimezaliwa upande wa Mbamba Bay, kwenye mchanga, kwa watu wanaoanika usipa, dagaa wa kwetu, na kupanda muhogo. Niliolewa Litembo, juu kabisa, mahali ambapo sweta si pambo. Mume wangu alikuwa fundi seremala na kazi zake nyingi zilikuwa Songea, kwa hiyo maisha yangu ya ndoa, nikisema ukweli, niliyaishi zaidi na mama yake. Sijutii.

Mama mkwe alikuwa mfupi, sauti yake ndogo, na kiuno chake kilikuwa hakijui kuchoka. Alikuwa na desturi moja iliyonichekesha. Kila tulipomaliza kulima alisimama ukingoni mwa shamba, akachukua kijiti, akakwangua udongo wote ulionata kwenye jembe lake, kisha akakwangua na la kwangu. Udongo ule aliurudisha shambani.

"Mama, ni tope tu hilo," nilimwambia siku za mwanzo.

"Tope ni lile la njiani," alinijibu. "Hili ni shamba. Halilali nyumbani kwa watu."

Nilifika kwake nikiwa mke wa mwanawe, Mwanglikana aliyegeuzwa Mkatoliki na ndoa, nisiyejua kitu kuhusu mteremko. Kwetu ziwani ardhi imelala. Huku imesimama. Ukiangusha chungwa mlangoni, utaliokota kwa jirani wa chini.

Sasa nikueleze mashimo hayo, maana ndiyo habari yenyewe. Yanaitwa ngoro, nayo Wamatengo wameyachimba tangu zamani sana, wamebanwa kwenye milima mikali wakatafuta namna ya kula bila mlima kuwahama. Kazi inaanza masika yakielekea mwisho, mwezi wa tatu hivi. Nyasi za shamba lililopumzika zinafyekwa kwa nyengo, ule upanga uliopinda, na kuachwa zikauke. Zikishakauka, hazichomwi. Zinapangwa kwa mistari, mingine ikishuka na mlima, mingine ikikatiza, mpaka shamba zima linakuwa vyumba vyumba vya mraba. Ukiliangalia kutoka ng'ambo ya bonde utadhani kuna mtu ameanika wavu wake mlimani. Kisha unaingia ndani ya kila chumba na jembe, unachimba katikati, na udongo unaoutoa unaufunika juu ya nyasi pande zote nne. Katikati linabaki shimo. Kandokando zimeinuka kingo, na ndani ya kingo hizo zimelala nyasi zinazooza taratibu na kuwa mbolea. Maharage yanapandwa kwenye kingo, si shimoni. Yakishavunwa, mvua za mwisho wa mwaka zikianza, mahindi yanapandwa juu ya kingo zilezile. Magugu unayopalilia unayatupa shimoni. Na shamba likipumzika ukaja kulichimba upya, shimo jipya linakaa pale kingo zilipokutana, na ukingo mpya unapita pale palipokuwa na shimo. Kwa hiyo kila kipande cha ardhi kinapata zamu yake ya kushiba.

Mvua ikinyesha, kila shimo linapokea maji yake na kukaa nayo. Hakuna shimo linalomtumia jirani yake mzigo. Hapo ndipo penye akili yote.

Kuna jambo moja la mila ambalo lazima ulijue. Kufyeka na kupanga nyasi ni kazi ya wanaume. Kuchimba mashimo ni kazi ya wanawake. Mwanamke hapangi nyasi. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa ndivyo ilivyo. Baba mkwe alikuwa amekwishafariki, mume wangu yuko Songea na randa yake, kwa hiyo mpangaji wetu wa nyasi alikuwa shemeji yangu, kitinda mimba wa mama. Kijana mrefu, mcheshi, mwenye mkono mzuri. Mistari yake ilinyooka kama nyuzi za cherehani.

Kisha likaja soko huria. Ilikuwa enzi ya ruksa. Chama cha ushirika kilichokuwa kikikopesha mbolea na kuchukua kahawa yetu kililegea, na mbolea ikahamia dukani, ambako inauzwa kwa mwenye nacho. Wanunuzi binafsi walipandisha magari mpaka huku juu kutafuta kahawa, na pale Kitai, kando ya barabara ya Songea, malori yalikuwa yanasimama kungoja mahindi. Watu wakaanza kushuka mabondeni, upande wa Litumbandyosi, kufungua mashamba mapya msituni. Huko ardhi ni tambarare. Unakata miti, unachoma, unapiga matuta marefu, unapanda. Shemeji naye akashuka. Alirudi mlimani baada ya mavuno akiwa na redio, suruali ya mitumba yenye mifuko mingi, na wazo.

"Mama," alisema tukiwa jikoni tunakula, "hayo mashimo yatakuua. Nipe mteremko huu nipige matuta. Kazi ya mwezi naimaliza kwa wiki."

"Matuta?"

"Matuta, mama. Bondeni kila mtu anapiga matuta. Lori linakuja mpaka shambani."

"Hapa lori likija shambani," mama mkwe alisema, "litakwenda kijitoni lenyewe, bila dereva."

Nilicheka mpaka ugali ukanipalia. Shemeji naye alicheka, lakini hakuacha. Na sitaki umwone mjinga. Kina mama waliokuwa wakichimbiana mashamba kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, walikuwa wamezeeka. Mabinti zao walikuwa wanauza vitenge Mbinga mjini. Kuchimba ngoro ni kazi nzito, na yeye aliona mgongo wa mama yake unavyoinama. Alitaka kumpumzisha. Tatizo lake ni kwamba alichukua dawa ya bondeni akaja kumnywesha mlima.

Mama mkwe alikaa na jambo hilo siku kadhaa. Mteremko ule ndio uliokuwa unatulisha wote, na chini yake, karibu na kijito, ilisimama kahawa aliyoipanda na marehemu mumewe. Alikuwa na neno moja juu ya shamba, ambalo alilisema mara nyingi: "Nililikuta na udongo. Nitaliacha na udongo." Hakuwa na deni lingine duniani isipokuwa hilo. Lakini mwana ni mwana. Mwishowe alimwambia, "Chukua upande wa mashariki. Huu wa magharibi tuachie sisi wanawake na mashimo yetu."

Kiangazi kile shemeji alichoma nyasi za upande wake. Moshi wake ulitutoa machozi wote. Akapiga matuta yaliyokatiza mlima, marefu, mazuri kuyaangalia, akanunua mbolea ya dukani. Na sasa nikwambie ukweli unaoudhi: mahindi yake yalitushinda. Majivu na mbolea viliyainua kuliko yetu, na kila alipopita alikuwa anatusalimia kwa masikitiko kama mtu aliyefika msibani.

"Shikamoo mama. Poleni na mashimo."

"Marahaba. Asante, baba. Pole na wewe kwa majivuno."

Mwaka uliofuata mbolea ilikuwa imepanda bei, akanunua kidogo tu. Nyasi za kuoza ndani ya matuta hazikuwepo, alikwishazichoma. Mwezi wa kwanza, mchana mmoja, ilinyesha mvua ile ambayo huku tunaisikia kabla ya kuiona, inakuja ng'ambo ya bonde kwa kishindo. Sisi tulikuwa barazani tunachambua maharage. Shemeji alikuwa bondeni kwenye mashamba yake.

Hebu elewa kilichotokea, kwa sababu kitakusaidia popote ulipo. Tuta refu linakusanya maji kwenye mfereji wake, na maji hayakai yalipoangukia. Yanatembea yakitafuta pale palipoinama kuliko pengine, hata kama ni kwa upana wa kidole. Yanajazana hapo. Tuta linapasuka hapo. Maji yote ya mfereji wa kwanza yanaangukia tuta la pili, ambalo tayari limejaa ya kwake. Linapasuka nalo. La tatu halina hata nafasi ya kujitetea. Tulisikia sauti kama mtu anaburuta gogo, na mama mkwe akasimama maharage yakamwagika.

Mvua ilipopungua tulitoka. Katikati ya shamba la shemeji palikuwa na korongo jekundu, refu, linalofika mtu magotini na mahali pengine kiunoni. Lakini uchungu haukuishia kwake. Maji hayajui mpaka tuliouweka sisi. Huko chini yalikata kona yakaingia upande wetu, yakabomoa mashimo ya chini yote, yakabeba udongo mpaka kwenye kahawa. Mibuni mingine ilifukiwa hadi kwenye matawi ya kwanza. Mingine ilining'inia ukingoni mizizi ikiwa nje.

Mama mkwe hakulia. Alishuka taratibu mpaka kijitoni, mimi nyuma yake, na akasimama kuangalia maji mekundu mazito yanayopita.

"Mto huu unakwenda wapi?" aliniuliza, ingawa alijua.

"Unaungana na mingine, mama, mpaka ziwani kwetu."

"Basi shamba langu limekwenda kwenu." Kisha akasema, "Waandikie ndugu zako. Waambie wanirudishie."

Nilitaka kucheka, nikaona hatanii, nikamshika mkono tukapanda.

Shemeji alifika baada ya kupelekewa habari na watu wa basi. Alisimama juu ya korongo lake na suruali yake ya mifuko mingi, mikono ameiingiza mifukoni. Alitaka kulifukia kwa koleo siku ileile. Mama yake akamwambia asijisumbue, mvua ya kesho italifukua.

Hapo ndipo mimi nilipokumbuka kwetu. Wakati wa masika kuna samaki wanaotoka ziwani kupanda mito, na wazee wetu wanawategea kwa uzio. Wanachomeka miti kukatiza mto, wanasuka matete katikati yake, maji yanapita na samaki wanabaki. Uzio hauzuii maji. Ukizuia maji, mto unaubeba. Unayapunguzia mwendo tu, na yaliyobebwa yanatua.

"Shemeji," nilisema, "nikatie miti na matete."

"Ya nini?"

"Nikutegee samaki."

"Kwenye korongo?"

"Wewe kata tu."

Alikata. Tulichomeka miti kukatiza korongo, mimi nikasuka matete kama nilivyomwona baba akisuka, tukaanzia juu ambako korongo lilikuwa bado changa, tukashuka. Nyuma ya kila uzio tulirundika mabua, magugu na vigogo vya migomba. Jirani yetu mmoja, mama mwenye ulimi usio na pazia, alipita akasimama.

"We Mnyasa, umeleta ziwa huku?"

"Nimeleta, mama. Njoo na kapu."

"Mnavua nini humo?"

Mama mkwe, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe tangu asubuhi, alijibu kwa sauti yake ndogo: "Tunavua udongo." Na akacheka. Ndugu yangu, kicheko kile nilikingoja kama mvua.

Mvua iliyofuata ilibeba uzio mmoja, kwa sababu nilikuwa sikuchomeka miti kwa kina. Nyingine zilisimama. Nyuma yake palitua udongo, kidogo, laini, unaong'aa kama mgongo wa samaki. Kila baada ya mvua mama mkwe alishuka kuutazama na kuukanyagakanyaga kwa unyayo. Tulipanda matete mabichi kando ya uzio, yakashika. Mwaka mzima upande ule hatukuulima. Tuliuacha uote nyasi, na mvua za msimu mwingine zilipopita, korongo lilikuwa limejaa kiasi kwamba mgeni asingelitambua isipokuwa aambiwe. Hiyo ndiyo subira ya kazi hii. Udongo unaondoka kwa mchana mmoja na kurudi kwa misimu.

Ukafika tena mwezi wa tatu. Mama mkwe aliutaka mteremko wote urudi kwenye ngoro, pande zote mbili, na aliutaka mwaka ule, kwa sababu kiuno kilikuwa kimeanza kumwambia mambo. Shemeji alifyeka nyasi, akaziacha zikauke, akashuka bondeni mara moja kuangalia mahindi yake, akiahidi kurudi kuzipanga. Hakurudi. Tulimtumia salamu kwa watu wa mabasi wanaopita Kitai, majibu yakawa ni yaleyale: anakuja. Nyasi zilikauka. Zikaanza kulowa na kuchakaa. Ukichelewa, maharage hayapati mvua ya kutosha, na nyasi zikishaozea juu ya ardhi haziwezi tena kushika kingo.

"Mama, nizipange mimi," nilisema.

Alinitazama kama niliyemwambia nitasomesha misa. "Mwanamke hapangi nyasi."

"Zitaoza."

"Zioze."

Tuliketi. Alichezea mpini wa jembe. Aliangalia mteremko, aliangalia mawingu, akaangalia kule kwa jirani mwenye ulimi. Kisha uso wake ukabadilika taratibu, kama wa mtu aliyekumbuka mahali alipoweka ufunguo.

"Wewe ni Mmatengo?" aliniuliza.

"Mimi? Mimi ni Mnyasa, mama. Unajua."

"Basi mila hii haikuhusu. Panga."

Nikapanga. Mistari yangu ilikuwa na kona, mingine imenenepa hapa imekonda pale, na nilipofika palipokuwa na korongo nilizilaza nyasi kwa wingi zaidi. Jirani hakuchelewa.

"Mwanao amekufa, ee mama, mpaka mkamwana anapanga nyasi?"

"Mwanangu mzima," mama mkwe alimjibu. "Huyu anaanika wavu. Ndiyo mila yao."

Shemeji alitokea siku iliyofuata, amebeba mfuko wa mahindi begani, anahema. Aliona mistari yangu akaweka mzigo chini.

"Shemeji, hii mistari ilikuwa imelewa?"

"Shikamoo haipo?" mama yake alimkata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Shika nyasi."

Hakuibomoa mistari yangu. Aliiendeleza yake iliyonyooka kuanzia pale nilipoishia, na mpaka leo naamini ile ilikuwa namna yake ya kuomba radhi. Nyuma yetu mama mkwe alikuwa amekwishaingia kwenye chumba cha kwanza, palepale juu ya lililokuwa korongo, anachimba. Alichimba shimo moja akapumzika. La pili akanipa jembe. Mama yule mwenye ulimi alisimama kidogo, kisha akaenda kwake, akarudi na jembe lake na wenzake, na siku zilizofuata mteremko wote ulichimbwa, togwa ikipita kutoka mkono hadi mkono, nami nikisemwa kwa mistari yangu mpaka nikazoea.

Maharage yalikuwa yameshatoa majani mawili mawili mvua kubwa ilipokuja. Safari hii hatukungoja ipungue. Tulijifunika mifuko ya nailoni vichwani tukatoka. Mashimo yalikuwa yanajaa moja moja, kila moja na kioo chake, na kingo zilishika, hata zile zangu zenye kona. Mama mkwe alishuka hatua kwa hatua mpaka kwenye kahawa iliyobaki. Aliinama akagusa shina la mbuni mmoja. Udongo ulikuwa mahali pake.

"Umekaa," alisema.

Alikuwa analowa, nikamwambia turudi. Akasema nitangulie nikachochee moto.

Kama na wewe shamba lako limeinama, usichome nyasi zake mwaka huu. Zifyeke kabla mvua hazijaisha, ziache zikauke, zilaze kwa mistari inayoshuka na inayokatiza mteremko, kisha chimba katikati ya kila chumba na uzifukie nyasi kwa udongo huo. Ukiona kazi ni kubwa, anza na mashimo machache sehemu ya juu kabisa ya shamba, na upande kwenye kingo.